Idhini Haijafika: Mabinti Wetu Baina ya Chuo na Mtihani



Wapenzi wasomaji wetu, akina mama na akina baba, na mabinti mnaousoma ukurasa huu baada ya kazi za nyumbani kutulia, juma hili tumeona tulizungumzie jambo lililoingia katika majumba yetu bila ya kupiga hodi. Mji wa Kale na Bondeni, Kisauni na Likoni, hata Malindi na Lamu, wamo mabinti waliohitimu uuguzi, wakasajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, na sasa wamekaa wakingoja ruhusa ya kuufanya mtihani wa leseni ya uuguzi wa Marekani, ule uitwao NCLEX. Matokeo hawajayafikia, wala viza. Wanachokingoja ni kuruhusiwa tu kuketi mbele ya maswali.

Idhini hiyo wenyewe huiita kwa herufi tatu, ATT. Ni barua pepe fupi yenye nambari ya idhini, nambari ya mtahiniwa, na tarehe ya mwisho ya kuufanya mtihani. Haina lakiri wala karatasi nzuri ya kutiwa fremu ukutani. Pasipo barua hiyo, hata hivyo, mtu hawezi kuweka miadi katika kituo chochote duniani, awe amesoma miaka mitatu au kumi, awe amefanya kazi Makadara katika wadi ya wazazi mpaka wakunga wakubwa wakawa wanamwita yeye panapotokea uzito.

Wazee wetu jambo hili huwatatiza, na hatuwalaumu. Wao wamezoea mtihani wenye tarehe yake katika kalenda: siku ikifika mtoto huamshwa alfajiri, huombewa dua, hupewa chai, na huenda. Sasa wanamwona binti amemaliza chuo, ana leseni ya hapa nyumbani, kila siku yuko na vitabu na simu mkononi, na kila akiulizwa, "Bado tu, mwanangu?" hujibu, "Bado, mama." Miezi minne ikipita, swali huanza kuulizwa kwa sauti nyingine. Miezi minane ikipita, jirani huanza kujibu kwa niaba yake, na majibu ya jirani mnayajua.

Zamani hata kule Marekani mambo yalikuwa kama wazee wetu wanavyoyafahamu. Mtihani huu uliandikwa kwa kalamu na karatasi, mara mbili kwa mwaka, Februari na Julai. Mwezi wa Aprili mwaka 1994 ukahamishiwa kwenye kompyuta, na tangu hapo kila mtahiniwa ana siku yake, saa yake na kiti chake. Maswali nayo hayafanani. Kompyuta humpima mtu kwa jinsi anavyojibu. Akipatia humpa gumu zaidi, akikosa humpa lililo jepesi, mpaka iwe na yakini kwamba amekifikia kiwango au hajakifikia. Kwa uchache ni maswali 85 na kwa wingi ni 150, katika muda usiozidi saa tano. Tangu Aprili 2023 yameongezwa maswali ya visa vya wagonjwa, ambamo mtu husomeshwa hali ya mgonjwa hatua kwa hatua na kutakiwa aamue la kufanya. Kwa mpango huu hakuna tena kungoja Februari. Lakini hakuna tena siku moja ya wote, na kila mmoja lazima afunguliwe mlango wake peke yake.

Na milango yenyewe ni miwili, funguo zake zikiwa mikononi mwa watu mbalimbali. Mmoja uko kwa bodi ya uuguzi ya jimbo ambalo binti anaomba leseni yake, kwani Marekani haina baraza moja la nchi nzima kama letu. Kila jimbo lina bodi yake na masharti yake. Wa pili uko kwa kampuni ya Pearson VUE, inayoendesha vituo vya mtihani kwa niaba ya muungano wa bodi hizo, NCSBN. Kwa Pearson VUE binti hujiandikisha na kulipa dola 200, na akitaka kuufanya mtihani nje ya Marekani huongeza dola 150 za kuweka miadi. Tukikadiria shilingi 130 kwa dola, hizo ni shilingi 45,500, kabla ya kuhesabu ada ya bodi na ada ya kukaguliwa vyeti. Usajili huo hukaa wazi siku 365 ukiingojea bodi iseme kwamba mtu huyu anastahili. Bodi ikisema, idhini hutumwa. Bodi isiposema mpaka mwaka ukaisha, usajili hufa na ada yake huzikwa nao.

Tunalieleza hili kwa urefu kwa sababu tumeona nyumba nyingi zikimsukuma binti aandike kila siku kwa Pearson VUE kuuliza, ilhali Pearson VUE hawana la kujibu. Wao hungoja kama anavyongoja yeye. Mara nyingi jambo limekwama kwa bodi, na likikwama kwa bodi, mara nyingi limekwama kwa sababu kuna karatasi haijafika. Na karatasi hiyo, jamani, mara nyingi iko hapa hapa kwetu.

Bodi nyingi humtaka aliyesoma nje ya Marekani vyeti vyake vikaguliwe na shirika linalotambuliwa, maarufu zaidi likiwa CGFNS, ambalo siku hizi limejipa jina la TruMerit. Wakaguzi hutaka kuona saa alizosoma darasani na saa alizofanya kazi wodini, katika uuguzi wa watu wazima, wa watoto, wa wazazi na watoto wachanga, na wa maradhi ya akili. Hutaka pia Baraza la Wauguzi lithibitishe leseni yake. Na shuruti kubwa ni kwamba habari hizi zitoke chuoni na barazani zende moja kwa moja kwao. Bahasha aliyoibeba binti mwenyewe, hata ikiwa na mihuri saba, haihesabiwi.

Huenda mtu akaona huu ni udhia wa makusudi. Mwezi wa Januari mwaka 2023 serikali ya Marekani ilitangaza kesi ya vyuo vya Florida vilivyouza vyeti na matokeo bandia zaidi ya 7,600 kwa watu waliotaka kuwa wauguzi bila ya kusoma ipasavyo. Walionunua walizitumia karatasi hizo kupata njia ya kuingia katika mtihani huu huu tunaouzungumzia. Tafakarini mtu wa namna hiyo amesimama juu ya kitanda cha mama yenu na sindano mkononi. Mlinzi wa mlango ana sababu ya kukagua, na binti aliyesoma kwa haki hana hasara katika ukaguzi isipokuwa siku zake.

Lakini siku hizo ni nyingi kupita kiasi pale faili linapolala chuoni. Tunajua ofisi za masijala zina kazi nyingi na watu wachache. Hata hivyo ombi la waraka likikaa juu ya meza miezi mitatu, maisha ya mtu yamekaa juu ya meza hiyo. Ushauri wetu ni binti aende mwenyewe, kwa adabu na kwa maandishi, aulize mambo mawili: waraka umetumwa tarehe gani, na kwa njia gani. Apewe nambari ya kufuatilia ikiwa umetumwa kwa posta au kwa kampuni ya vifurushi. Jibu la "tumeshatuma" lisilo na tarehe halimfai. Akiwa yuko mbali, kaka yake au mjomba wake na aende kwa niaba yake na barua ya ruhusa. Hii ni kazi ambayo wanaume wa nyumba wanaweza kuifanya asubuhi moja, na thawabu yake si ndogo.

Sasa tuje kwenye majina, maana hapa ndipo watu wa pwani tunapoteseka kuliko wengine.

Sisi hatuna jina la ukoo kwa maana wanayoijua Wamarekani. Mtu ana jina lake, la babake na la babu yake, na imekwisha. Majina yenyewe tunayaandika kwa kadiri ya mwalimu aliyeliandikisha darasa la kwanza: Khadija huwa Hadija, Fatma huwa Fatuma, Mohammed hupoteza herufi moja au mbili njiani, na Mwanaisha akifika mjini huitwa Aisha au Asha akalizoea. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cheti cha sekondari kina matatu, kitambulisho kina jina la babu pasipo la baba, chuo kimeandika lile lililokuwa rahisi kutamkwa. Akiolewa, pengine karani mmoja atamwongezea na jina la mume bila ya kumwuliza. Kwetu hakuna anayeshangaa. Anaitwa na kila mtu anajua ni binti wa nani.

Kanuni ya mtihani ni kwamba jina la kwanza na la mwisho katika idhini liwe sawasawa na lililo katika kitambulisho atakachokionyesha mlangoni, na katika vituo vya nje ya Marekani kitambulisho hicho ni pasipoti iliyo hai. Likitofautiana, hurudishwa, na ada haimrudii. Kwa hiyo kitu cha mwanzo kabisa, kabla ya kulipa hata shilingi, ni kuitoa pasipoti, kuiweka mezani, na kuvipanga vyeti vyote kando yake. Ajiandikishe kwa jina la pasipoti herufi kwa herufi. Vyeti vinavyotofautiana nayo vitengenezewe hati ya kiapo kwa wakili, na ikiwa jina lenyewe limebadilishwa kisheria, hati yake itangazwe katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mambo haya huchukua majuma. Yakifanywa wakati wa kungoja, hayana maumivu. Yakigunduliwa idhini imekwisha fika, kila siku moja inauma, kwa sababu tutakayoieleza hivi punde.

Tuseme kidogo juu ya mawakala. Wapo waaminifu, na wapo waliowafikisha mabinti za watu mahali pazuri. Lakini umeenea mtindo ambao wakala, au kijana wa saiba, humfungulia binti kila kitu kwa anwani ya barua pepe aliyoibuni yeye na neno la siri analolijua yeye. Idhini hutumwa kwa anwani iliyoandikwa siku ya kujiandikisha, haitumwi kwengine. Yuko binti mmoja wa mitaa yetu aliyengoja tangu Shaaban hadi baada ya Idi ya pili, akiambiwa kila juma na wakala wake kwamba Wamarekani hawajajibu. Walikuwa wamekwisha jibu. Barua ilikuwa imelala katika sanduku ambalo hakuwa na ufunguo wake, na wakala akiishikilia mpaka alipwe salio ambalo halikuwamo katika mapatano. Mamake aliuza bangili mbili. Alipoipata barua zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa, na viti vya karibu vilikuwa vimejaa.

Hatusemi mengi juu ya mtu huyo. Ana Mola wake. Tunasema anwani ya barua pepe iwe ya binti mwenyewe, aifungue kwa mkono wake, na neno la siri asimpe mtu, awe wakala, awe mchumba. Aitazame kila siku, pamoja na lile sanduku la barua zinazodhaniwa kuwa taka, maana idhini wakati mwingine hutumbukia humo. Akilipa pesa yoyote adai risiti. Hayo si kumdhania mtu vibaya. Waislamu tumefundishwa kuandika madeni hata baina ya ndugu.

Sababu ya haraka hii yote ni kwamba idhini, ikishafika, huanza kuhesabu siku zake. Muda wake hupangwa na bodi ya jimbo, na kwa wastani ni kama siku 90. Haurefushwi. Hakuna udhuru wa mimba, wa harusi, wa msiba wala wa mvua ya masika. Tarehe ikipita, binti hujiandikisha upya na kulipa upya. Yaani aliyengoja miezi kumi anaweza kupewa miezi mitatu tu ya kujitayarisha, kuipata nafasi, kupata nauli na kuketi. Mambo yetu ya nyumbani nayo yana tabia ya kujaa katika miezi mitatu hiyo hiyo.

Hapa tunataka kuzungumza na akina mama wenzetu, na tutasema waziwazi. Binti anayengoja idhini ameonekana katika nyumba nyingi kuwa ni mtu asiye na kazi. Kwa kuwa hatoki asubuhi na hana mshahara, basi yeye ndiye wa kumpeleka bibi kliniki, wa kukaa na watoto wa dada yake, wa kupika pindi wageni wa Lamu wanaposhuka, na wa kufagia ua hata kama wapo vijana watatu wamelala mpaka saa nne. Jioni akifungua kitabu huambiwa, "Si ulishasoma wewe?" Naam, alisoma. Lakini mtihani huu hauulizi aliyokariri. Unauliza kati ya wagonjwa wanne ni yupi wa kuendewa kwanza, na kwa namna ya hospitali za Marekani, zenye dawa zake, mashine zake na mgawanyo wake wa kazi baina ya muuguzi na msaidizi wake. Muuguzi aliyezoea wadi ya wagonjwa arubaini na wauguzi wawili ana hekima kubwa, ila inabidi ajifunze kuijibu karatasi iliyoandikwa kwa wadi nyingine. Hilo linahitaji saa tatu au nne kwa siku, mlango ukiwa umefungwa, kwa miezi.

Hatumwombei asamehewe kazi za nyumba. Mtoto wa kike na wa kiume wote wana sehemu yao, na kusaidia wazazi ni ibada. Tunaomba saa zake zijulikane. Iwe baada ya Alfajiri mpaka saa tatu, au baada ya Isha, lakini zijulikane na kila mtu humo ndani, kama zinavyojulikana saa za mwenye duka. Na kama hospitali ya jirani ina nafasi ya kazi ya muda, aichukue hata ikiwa malipo ni madogo. Mkono wa muuguzi ukikaa bure mwaka mzima hupoteza uhodari, na moyo vilevile.

Moyo tumeutaja makusudi. Kungoja jambo lisilo na tarehe kunachosha kuliko kufanya kazi ngumu. Tumewaona mabinti wachangamfu wakiacha kuhudhuria arusi na maulidi kwa kuogopa kuulizwa. Wengine hufungua simu mara hamsini kwa siku. Mmoja alituambia kwamba lililomvunja zaidi lilikuwa sauti ya shangazi yake mpenzi akimwombea dua mbele ya watu kila Alhamisi, "Mungu amfungulie huyu maskini," na watu wote wakaitikia amin wakimtazama yeye. Dua ni njema, na shangazi hakukusudia ila kheri. Lakini dua nyingine ni bora ziombwe usiku, mtu na Mola wake tu.

Posa ndiyo mtihani mwingine. Akija mchumba, je, akubaliwe sasa au angojwe idhini? Wazazi wengine husema aolewe kwanza, masomo yatafuata. Wengine hufunga mlango kabisa mpaka binti afike Marekani. Rai yetu ni kwamba njia zote mbili zina dhuluma ndani yake ikiwa mwenyewe hakuulizwa. Nikaha haiizuii idhini, wala idhini haiizuii nikaha. Kinachoharibu ni kutosema. Mchumba aambiwe mbele ya walii kwamba kuna barua inayongojwa, kwamba ikifika kuna siku 90 ambazo bibi harusi atakuwa na vitabu vyake, na kwamba huenda safari ikaja baadaye. Akikubali, yaandikwe miongoni mwa masharti. Akinuna, afadhali anune kabla ya mahari kuliko baada yake. Na siku ya harusi ikishapangwa, isogezwe ikigongana na siku hizo. Ukumbi unaweza kukodiwa tena, idhini haikodiwi.

Liko jambo ambalo limewatia hasara watu wenye heshima zao, nalo ni kuchanganya idhini na safari. Tumesikia juu ya baba aliyekwisha mwita dalali aje akitazame kiwanja cha Mtwapa, kwa kuwa "barua ya Marekani imekuja". Alhamdulillahi alizuiwa na mtoto wake. Idhini humruhusu mtu kufanya mtihani. Akifaulu, bado kuna cheti cha ukaguzi wa wafanyakazi wa afya kiitwacho VisaScreen, bado kuna mwajiri wa kumwombea, na bado kuna foleni ya viza ya wafanyakazi, ya tabaka la EB-3, ambayo tarehe zake hutangazwa kila mwezi na serikali ya Marekani na huweza kusimama au hata kurudi nyuma. Kuna waliofaulu wakangoja miaka. Majimbo mengine, zaidi ya hayo, hudai nambari ya Social Security kabla ya kutoa leseni, nambari ambayo mtu aliye Mombasa hana njia ya kuipata. Ndiyo maana kulichagua jimbo ni kazi ya kufanywa kwa kalamu na karatasi, wala lisichaguliwe kwa sababu binamu yuko huko. Kiwanja na kikae.

Akikosa mtihani je? Kanuni ya NCSBN ni kungoja siku 45 ndipo aufanye tena, kwa kujiandikisha na kulipa upya na kupata idhini mpya, na bodi nyingine zina masharti makali zaidi. Wapo wauguzi hodari waliofaulu mara ya pili. Tunalisema ili nyumba isiweke akiba yote katika mara ya kwanza.

Wanaoelekea Ghuba, nao ni wengi katika jamii yetu, wana njia inayofanana na hii. Kwa Saudia na kwa Dubai vyeti huthibitishwa na DataFlow kutoka huko vilikotoka, ndipo mtu huruhusiwa kuufanya mtihani katika vituo vya Prometric. Majina ni yale yale, masijala ni zile zile, na ushauri juu ya barua pepe ni ule ule. Uingereza ina utaratibu wake mbali, na tangu mwaka 2021 ipo makubaliano baina yake na serikali ya Kenya juu ya wafanyakazi wa afya. Tutaufungulia ukurasa wake wenyewe.

Wasomaji kadhaa wametuuliza juu ya mavazi. Vazi la dini halimzuii mtu kuingia, ila huweza kukaguliwa, na uso lazima uonekane, kwani mtahiniwa hupigwa picha na mishipa ya kiganja chake husomwa kwa mashine. Anayevaa nikabu na aombe mapema afunuliwe mbele ya mwanamke. Saa ya mkononi, simu na mkoba havingii chumbani. Vituo haviko katika kila mji. Wapo Wakenya walioufanya mtihani huu Johannesburg, na atakayelazimika kusafiri ahesabu nauli na malazi tangu siku za kungoja, pamoja na nauli ya mahram ikiwa nyumba yake hufuata hivyo. Suala lenyewe la safari ya mwanamke tunawaachia masheikh wetu. Hesabu ya nauli ndiyo tunayoikumbusha sisi.

Swali la mwisho limetoka kwa msomaji wa Kilifi ambaye siku zake 90 zinaangukia Ramadhani nzima. Atazame kwanza ni siku ngapi zinazobaki baada ya Idi. Zikiwa majuma matatu au zaidi, na kiti kipo, akichukue kiti hicho leo hii, kabla hakijachukuliwa, kwani viti huwekwa na watu wa nchi nyingi. Zikiwa chache kuliko hapo, achague asubuhi ya siku za mwanzo za mfungo, ale daku ya kushiba yenye maji ya kutosha, na aombe wenziwe wa jikoni wamwondoe katika zamu ya futari kwa juma moja kabla ya siku hiyo. Sambusa zitakaangwa na kaka zake.

Juma lijalo, inshallah, tutazichukua barua zenu juu ya karo za madrasa. Wanaotaka kuona mfano wa barua ya kuulizia waraka chuoni watuandikie, nasi tutauchapisha.

Wabillahi tawfiq.